Kikundi: Ukoo wa Chikongola

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mjomba Rashidi upo? Taa ya mkanda kwenye gari inawaka na nimefunga mkanda. Kutoka Mikindani mpaka hapa ting ting ting, kichwa kinaniuma.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Kiti cha mbele ulipakia nani?

Zuhura: Hakuna mtu. Kiroba cha korosho tu.

Juma: 😂😂 gari linamtaka korosho afunge mkanda

Mjomba Rashidi: Juma anacheka ila kasema kweli. Kwenye magari mengi chini ya kitambaa cha kiti cha abiria kuna sensa ya uzito, kidude kinachohisi kama kiti kimekaliwa. Haimjui mtu wala kiroba. Ikikandamizwa na mkanda haujachomekwa, kengele inalia.

Bibi: Mbona sisi tulipanda magari ya Newala bila mikanda wala kengele

Mjomba Rashidi: Mama, Marekani magari ya 1974 yalikuwa hayawaki kabisa mpaka ufunge mkanda. Hata kapu la sokoni likikaa kiti cha mbele gari linagoma. Watu wakachachamaa, Bunge lao likalifuta sharti hilo mwaka huohuo.

Zuhura: Mjomba, kiroba nimeshakishusha. Taa iko palepale 😩

Mjomba Rashidi: Basi ni upande wako. Ule ulimi wa chuma ukiuchomeka, kule ndani unasukuma kipande cha plastiki kinachobonyeza swichi ndogo. Magari mengine yanatumia sumaku na sensa yake. Kutoka hapo habari inapita kwenye waya chini ya kiti. Mulika tochi pale unapochomeka, kuna mchanga au maganda ya karanga? Wanao nawajua. Halafu funga mkanda, washa bila kupiga stata, sogeza kiti mbele na nyuma huku unaitazama taa.

Shemeji Athumani: Mimi fundi wa stendi alikata nyaya akaziunganisha. Kimya mpaka leo.

Mjomba Rashidi: Shemeji, gari lako sasa linaamini umefunga mkanda hata ukiwa hujafunga. Na magari mengi ya siku hizi swichi hiyo inasomwa na kompyuta ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga. Ukikatakata, taa ya eabegi nayo inawaka, na siku ya ajali huna hakika kama itafumuka. Zile soketi za njano chini ya kiti ndiyo kabisa, asiziguse mtu kwa testa. Zinakwenda kwenye vitu vyenye baruti ndani.

Shemeji Athumani: Baruti?? Nakaa juu ya baruti?

Mjomba Rashidi: Ya kuvuta mkanda ukubane ukigonga. Kidogo tu, ila heshima yake iwepo.

Zuhura: Mchanga hamna. Kiti kikiwa mbele taa inazima, nikirudisha nyuma inawaka.

Mjomba Rashidi: Waya huo, unavutwa au unabanwa kwenye reli ya kiti. Swichi nzima, mtu asikuuzie nyingine. Kesho baada ya alasiri nakuja, nitachomoa betri kwanza ndipo niingie huko chini.

Bibi: Na hicho kiroba kije kwangu

Juma: Kifungwe mkanda lakini 😂