Waifai ya jirani nisiyemjua haina nenosiri: je, niitumie, na mwenyewe ataona nini?

Mpangaji ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Katika jengo ninamoishi, simu yangu hunasa mtandao wa waifai usio na nenosiri. Jina lake ni lile ambalo ruta, yaani kifaa kinachosambaza waifai, hutoka nalo kiwandani, yaani herufi chache zikifuatwa na tarakimu, kwa hiyo sina namna ya kujua ni wa nani. Intaneti yangu mwenyewe bado haijafungwa, na kazi zangu hunitaka nitume barua pepe kila siku.

Naomba kuuliza mambo mawili. La kwanza ni la adabu: mtu akiacha mtandao wake bila nenosiri, je, ameturuhusu kuutumia, au mimi ndiye ninayejipa ruhusa? La pili ni la faragha: nikiunganisha simu yangu, mwenye mtandao ataona nini katika ninayoyasoma na kuyaandika? Sipendi kunufaika na mali ya mtu bila yeye kujua, na vilevile sipendi mambo yangu yachunguliwe na mtu nisiyemjua.

Fundi wa Mitandao amejibu:

Ndugu Mpangaji, nitaanza na la pili. Mtandao usio na nenosiri kwa kawaida hausimbi, yaani haugeuzi kuwa msimbo usiosomeka, chochote kinachopita hewani kati ya simu na ruta, na kwa sababu hiyo anayeweza kukuchungulia si mwenye ruta peke yake, bali yeyote aliye karibu na mwenye kifaa cha kunasa mawimbi hayo. Mwaka 2010 Google ilikiri kwamba magari yake yaliyokuwa yakipiga picha za mitaa kwa ajili ya Street View yalikuwa yamenasa pia mawasiliano ya watu kutoka mitandao ya waifai iliyokuwa wazi, na katika baadhi ya matukio zilipatikana barua pepe nzima pamoja na nywila. Mwaka huohuo ilitolewa Firesheep, programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari cha Firefox, ambayo ilimwezesha hata asiye mtaalamu kunasa vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti hutumia kumtambua aliyekwisha kuingia) vya mtu aliye kwenye mtandao uleule ulio wazi na kuingia katika akaunti zake.

Hali ya sasa ni nafuu, kwa kuwa tovuti nyingi zinatumia HTTPS, ambayo husimba mawasiliano tangu kwenye simu yako hadi kwenye seva ya tovuti. Mwenye ruta hatasoma barua pepe yako wala nywila yako ya benki. Hata hivyo, mara nyingi ataweza kujua umetembelea tovuti ipi, saa ngapi, na umetumia data kiasi gani, kwa sababu maombi ya DNS, ambayo hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, mara nyingi husafiri bila kusimbwa, na hata muunganisho wa HTTPS unapoanza kwa kawaida hulitaja jina hilo waziwazi. Mtu akishajua kwamba usiku wa manane umefungua tovuti ya kliniki fulani, hana haja ya kusoma ukurasa wenyewe ili aanze kukisia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Mwenye ruta akifungua ukurasa wake wa usimamizi, atakuta jedwali la vifaa vilivyounganishwa, na kwenye safu ya majina huenda likasomeka jina ulilolipa simu yako, ambalo kwa watu wengi ni jina lao halisi. Libadilishe kabla hujajiunga na mtandao wowote usio wako. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamesimbwa kupitia seva yake, itaficha majina ya tovuti unazotembelea, lakini anayeendesha VPN hiyo ndiye atakayeyaona, kwa hiyo mchague kwa makini. Na kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti, yaani kithibitisho cha utambulisho wake, hakiaminiki, usiendelee kamwe, kwa maana mtandao ulio wazi unaweza pia kuwa umetegwa makusudi.

Mwenye Ruta amejibu:

Mimi ni miongoni mwa watu wanaoacha mtandao wazi kwa hiari, na nimeuita «Karibu utumie» ili pasiwe na shaka. Ni mtandao wa wageni, uliotengwa na vifaa vya nyumbani kwangu na kuwekewa kikomo cha kasi. Huo wa kwenu wenye jina la kiwandani hauonyeshi dalili yoyote kama hiyo, na kwa maoni yangu aliyeuweka alisahau kuutia nenosiri, au hakuelekezwa.

Naomba nikueleze kinachotukera sisi wenye mitandao. Si barua pepe zako, kwani hizo ni kidogo mno. Ni kwamba simu ikiona waifai hudhani data haina gharama, ikaanza kupakia picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni na kupakua masasisho, bila mwenye simu kugusa kitu. Ikiwa mwenye mtandao analipia kwa kiasi cha data, kifurushi chake kinaweza kumalizwa na mtu ambaye aliamini kwa dhati kwamba anatuma ujumbe tu. Ukiruhusiwa kutumia, ingia kwenye mipangilio ya simu uutaje mtandao huo kuwa ni wa kupimiwa data.

Msomaji wa Sheria amejibu:

Kuhusu ruhusa, sikubaliani na wanaosema kwamba kukosekana kwa nenosiri ni ukaribisho. Nchini Uingereza, kifungu cha 125 cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 kinafanya kuwa kosa kujipatia huduma ya mawasiliano kwa udanganyifu kwa nia ya kukwepa malipo. Nchini Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2010 kwamba mwenye waifai asiyeilinda anaweza kudaiwa gharama pale mtu mwingine anapoitumia kukiuka hakimiliki, na ndipo mwaka 2017 sheria ikabadilishwa kupunguza mzigo huo. Sheria za nchi nyingine zinatofautiana, lakini lolote linalofanywa kupitia mtandao huo huonekana kana kwamba limetoka nyumbani kwa jirani yako, na yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Mpangaji ameandika:

Nawashukuru sana. Nimeamua kutojiunga kabla ya kumwomba mwenyewe. Je, itafaa nibandike tangazo kwenye ubao wa jengo, lenye jina la mtandao, ili ajitokeze?

Fundi wa Mitandao amejibu:

Usifanye hivyo, ndugu yangu, kwa kuwa utawatangazia wote kwamba mtandao huo hauna ulinzi kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuutia nenosiri. Tembea na simu ukitazama ni wapi mawimbi yanazidi nguvu, kisha bisha hodi, au mweleze msimamizi wa jengo kwa faragha. Pia usijaribu kuingia kwenye ruta yake kwa nywila ya kiwandani ili umwekee ulinzi, hata kama nia ni njema. Mwonyeshe tu mahali pa kubadilisha, naye afanye kwa mkono wake. Akikubali kushirikiana, pendekeza mchangie gharama na umwombe akufungulie mtandao wa wageni wenye nenosiri. Na ikiwa simu yako ilishawahi kujiunga na mtandao huo hata mara moja, chagua «Sahau mtandao huu», la sivyo itaendelea kuunganika yenyewe kila ikiukuta.