GPS ya boti inaruka ruka usiku tukitia nanga, shida iko wapi?

Nahodha_Kusini
Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wanaojua hivi vyombo. Tuna boti ya faiba ya dagaa huku Kilwa, ina plota ndogo (kile kioo cha ramani kinachoonyesha boti ilipo) na fishfaunda ya kutafutia samaki humo humo, antena yake ni ile ya uyoga imefungwa juu ya paa la kibanda. Mchana haina neno, hata tukisimama inacheza mita tatu nne basi. Kasheshe inaanza usiku tukishatia nanga na kuwasha taa za dagaa, alama ya boti inaruka mita 100 huku, inarudi, mara inasema tunakwenda mwendo wa noti 30 wakati nanga iko chini na watu wamekaa wanapiga soga, alamu ya nanga inalia mpaka vijana wameizima kwa hasira. Juzi imetupandisha kabisa kwenye mikoko. Alfajiri tukizima taa na kuanza kurudi inatulia, ila si kama mchana, kila baada ya muda inaandika haioni setelaiti, sekunde kadhaa, halafu inarudi. Na hapo ndo naihitaji maana napita kwenye miamba. Fundi wa hapa anasema ninunue mpya. Hela hiyo sina.

bahari_shwari
Mkuu angalia imesetiwa datamu gani, yaani ule msingi wa kupimia mahali kwenye ramani, iwe WGS84 inayotumiwa na GPS. Ramani zetu za zamani zilikuwa za Arc 1960, ukichanganya unakosea kama mita 300 hivi.

fundi_wa_redio
Datamu hapa haihusiki. Datamu ikikosewa boti inaonekana pembeni ya ilipo lakini inakaa pembeni hapo hapo kila siku, hairuki. Yake inaruka tena taa zikiwashwa, jibu kalitaja mwenyewe kwenye swali.

Nahodha, setelaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200, mawimbi yakikufikia yamechoka kabisa, kelele kidogo tu ya umeme karibu na antena inayafunika. Taa za LED za bei chee ndani zina kisakiti kinachokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kikiwa hakina chujio kinatoa kelele na waya mrefu wa taa unaisambaza. Chaja za simu za kuchomeka 12V nazo ni hivyo hivyo. Usinunue kitu bado. Usiku ukitia nanga fungua ule ukurasa wa setelaiti wenye vinguzo vya kuonyesha nguvu ya mawimbi, mtu mmoja azime taa moja moja, wewe kodolea vinguzo. Taa ikizimwa vikapanda vyote kwa pamoja, mwizi umempata. Na usizime kwa swichi tu, chomoa, kuna vifaa swichi imezimwa na sakiti bado inanguruma.

PwaniMombasa
Naona mnaharakisha kulaumu taa. Hii region yetu iko karibu na ikweta, jua likizama ionosfia, ile tabaka ya juu ya anga yenye chaji za umeme, inachafuka, mawimbi ya GPS yanapwaya, inakuwa mbaya zaidi miezi ya Machi na Septemba na miaka ambayo jua limechangamka kama 2024. Huku kuna watu wa kupima ardhi hawafanyi kazi jioni kwa sababu hiyo. Naye anasema ni usiku. Afungue GPS ya simu hapo hapo staha, nayo ikicheza basi ni anga, si taa.

fundi_wa_redio
Kweli ipo hiyo na umeisema vizuri. Ila hiyo huanza kama saa moja usiku, ikipita saa sita au saa saba inapoa. Nahodha, yako saa tisa inaendelea? Na simu si shahidi wa kuaminika sana, simu za siku hizi zinashika na setelaiti za wengine, GLONASS ya Urusi na Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, inaweza kutulia plota yako ya zamani ikawa inaona GPS peke yake. Lingine, ukikuta WAAS au EGNOS, zile huduma za setelaiti za kusahihisha GPS, imewashwa izime. Moja ni ya Marekani ya Kaskazini nyingine ya Ulaya, huku kwetu haikusaidii.

mkaa_bandarini
Hii ya kelele msiidharau jamani. Mwaka 2001 bandari ya Moss Landing kule California GPS ilikufa kwa boti zote, wakatafuta sana, kumbe ni antena za TV zenye busta zilizofungwa kwenye boti. Antena ya TV!

Nahodha_Kusini
Wakuu nimerudi. Saa tisa ilikuwa inaendelea kama kawaida. Tukazima moja moja kama fundi alivyosema, taa tatu hazikufanya kitu, ya nne ambayo vijana waliifunga kwenye nguzo ya kibanda, shubiri mbili tu kutoka kwenye uyoga, ilipochomolewa vinguzo vikapanda vyote na boti ikarudi mahali pake. Tumeihamishia tezi, imetulia. Lakini ile ya kupotea sekunde kadhaa bado ipo, hasa mashine ikiwa inakwenda kasi na boti inagonga mawimbi.

fundi_wa_redio
Hiyo ni nyingine, hiyo ni waya. Uyoga unakula umeme kupitia kebo yake, ukikatika hata kidogo unakuwa kipofu. Fungua plagi ya antena, nahisi utakuta ukijani. Halafu pima volti nyuma ya plota, siyo kwenye betri, mashine ikiwa inaunguruma na kila kitu kimewashwa. Betri inaweza kusoma 12.6 na plota inapata 10 na ushee kwa sababu ya waya mwembamba.

Nahodha_Kusini
Ukijani upo wa kutosha fundi, pini moja imebaki nusu. Volti nyuma ya plota 11.9. Hiyo plagi nakata nafunga mpya au kuna dawa ya kusafishia?

fundi_wa_redio
Pini ikiliwa hivyo hakuna dawa. Kata mpaka ukute shaba inayong'aa, ikiwa nyeusi endelea kukata. Funga mpya, paka grisi ya silikoni, zungushia ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si soltepu. Na ukiwa juu hapo, kama antena ya redio ya VHF iko karibu na uyoga iache nafasi ya mita moja.