Leso za marehemu mama zimekwenda na mitumba!

Mama wa Kibokoni: Jamani, nisaidieni. Tangu masika yaanze nguo zanuka ukungu, kwa hivyo Jumamosi nikaitoa stoo yote nje. Magunia mawili: moja la kutoa, moja la kuweka. Nikakimbilia jikoni kupalia wali wa nazi. Kurudi, mwanangu kashampa kijana wa mkokoteni gunia la kuweka! Mlikuwa na doti tatu za leso za mama, hata hazijakatwa. Nimebaki na madera yaliyochanika. Kijana alisema aenda soko la Kongowea. Nianzie wapi?

Binti Kisauni: Pole dadangu, roho imeniuma. Nenda alfajiri, kabla marobota hayajafunguliwa. Usiseme tu "leso nyekundu", ziko mamia. Watajie pindo, mji (ile sehemu ya katikati), na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Jina ndilo litakalokusaidia. Na lichukue lile gunia la madera mbadilishane.

Fundi wa Majengo: Ukizipata, zianike juani kutwa nzima kabla ya kuzikunja. Harufu ikibaki, loweka kwa maji na siki kidogo. Usizirudishe kwenye gunia, tafadhali! Sanduku la mbao, tena lisigusane na ukuta.

Mama wa Kibokoni: Nimepata doti mbili, alhamdulillahi. Muuzaji alikataa hata pesa ya chai. Ya tatu ishauzwa. Jina la leso hiyo nalikumbuka, kesho naingia Mtaa wa Biashara kutafuta nyingine kama hiyo, duka kwa duka.