Kupiga jazi za watu au kutunga zetu?

KinandaKizota: Wakuu, tunapiga hotelini hapa Dodoma kila ijumaa, meneja anataka zile jazi za zamani za Marekani tu, nikichomeka ya kwangu wateja wanarudi kwenye simu zao. Hizi kopi zinanijenga au zinaniulia utunzi??

BesiNkuhungu: Zinakujenga mzee. Mtunzi wa Marekani Gershwin alitoa wimbo wa I Got Rhythm 1930, baadae wapiga jazi Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakabaki na kodi zilezile (chords, zile noti zinazopigwa pamoja chini ya melodi) wakaweka melodi mpya juu ikazaliwa Anthropology, sasa hapo nani kaiga nani? We fanya hivohivo.

Mgogo_Original: Melodi mpya sawa ila itoke wapi, ndo swali. Marehemu Hukwe Zawose katoka hukuhuku kazunguka dunia na zeze na ilimba (ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) akiimba Kigogo, na kuna noti kwenye ilimba inakaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda, ukiilazimisha inakufa, mpe mtu wa saksafoni aivute taratibu. Hiyo New York hawana aisee

KinandaKizota: Daah saksafoni wetu atafurahi, anapenda sifa yule. Ijumaa naijaribu seti ya pili, watu wakishashiba kuku.