Naomba ushauri: baridi yabisi inaweza kupanda hadi kwenye ubongo?

MtotoWaMgombani (mleta uzi): Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mama yangu ana miaka 61. Ana baridi yabisi tangu 2019, vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kupinda, asubuhi mpaka saa nne ndipo anaweza kushika kikombe. Hayo tumeyazoea. Jipya ni kichwa. Nilimtoa Kibosho mwezi wa tatu nikamleta kwangu hapa Sakina, Arusha, na sasa simwelewi. Anabandika maharage yanaungua hadi jirani anagonga. Anaanza rozari, katikati hajui kafika fumbo gani. Anakaa anaangalia ukuta, nikimwuliza anasema "sina kitu, baba". Kula hataki. Je, ugonjwa wa viungo unaweza kuharibu ubongo moja kwa moja? Nahitaji jibu mapema kidogo.

MzeeWaUsa: Hapo hakuna ubongo wala nini, ni maji ya Arusha. Floridi! Angalia meno ya watoto wa huku yalivyo kahawia, angalia miguu ilivyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 1.5 kwa lita, visima vya huku chini ya Meru vingine vinapita hapo mara kadhaa. Halafu mnaongeza magadi kwenye makande.

MtotoWaMgombani: Mkuu, mama kakulia Kibosho kwenye maji ya mlimani. Huku ana miezi saba tu.

MzeeWaUsa: Mimi nimesema.

GotiBovu: Pole sana. Mimi goti lilinipeleka hadi kwa Babu wa kikombe cha dawa, Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Siku tatu nalala kwenye gari, kikombe shilingi 500. Goti hili hapa, linanisikia ninavyoandika. Ila kwenye foleni ile ndipo nilipompata mama Junior, kwa hiyo sidai chenji.

SistaMstaafu: Mwanangu, marahaba. Mama anatumia dawa gani?

MtotoWaMgombani: Za kawaida tu za maumivu.

SistaMstaafu: Zina jina.

KijanaWaKaloleni: Apunguze nyama choma na mbege, hiyo ni gauti.

MtotoWaMgombani: Sista, ni vidonge vidogo vyeupe, prednisoloni. Alianzishiwa zamani, baadaye tukawa tunanunua wenyewe duka la dawa, karibu miaka miwili sasa, kila siku. Vilimvimbisha mashavu. Usiku halali, anazunguka sebuleni anaongea na marehemu mzee. Ijumaa nikavitupa chooni. Kabla hamjaanza, nilifanya kwa nia njema, dawa ilikuwa inamla akili. Sasa toka juzi anatapika, na akisimama anasikia kizunguzungu.

SistaMstaafu: Hilo ndilo ungeanza nalo! Dawa hiyo kweli inaweza kumkosesha mtu usingizi, kumpa hasira, hata kuona visivyokuwepo. Umeona sawasawa. Ila haikatwi siku moja. Mwili ukiletewa kila siku, tezi zilizokaa juu ya figo zinalala, zinaacha kutengeneza homoni yake. Ukiikata ghafla presha inashuka, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Mpeleke hospitali leo, waambie siku uliyovitupa.

Na swali lako lina jibu. Baridi yabisi ya vidole vya mikono yote miwili mara nyingi ni kinga ya mwili kujipiga yenyewe, na moto ule haubaki kwenye vidole. Kuna kemikali za uvimbe, kama TNF na intalukini-6, zinazunguka kwenye damu na ubongo unazipata habari zake. Kumbuka siku ya kwanza ya malaria: hutaki watu, hutaki chakula, chenji yenyewe huwezi kuhesabu. Kemikali hizo zimo pia kwenye malaria, ila wewe unapona wiki ijayo, mama yako kaishi nazo tangu 2019. Ongeza kukosa usingizi kwa maumivu. Sonona kwa watu hawa ni ya kawaida sana, na sonona ya mtu mzima inasahaulisha mpaka wanawe wanadhani kapoteza akili. Uvimbe huo na sonona, vyote viwili vina matibabu.

MamaPachaNjiro: Na mzazi hahamishwi kama kabati. Mama mkwe wangu tulimleta mjini, akawa anaamka saa kumi na moja anafagia uwanja wenye pevingi. Hana migomba, hana jumuiya, hana wa kumsalimia kwa Kichaga. Tulimrudisha Mwika, huyo hapo anagombana na majirani, mzima kabisa.

ChaiYaRangi: Chai hii, tena haina hata vitafunwa. Jukwaa la sheria wiki iliyopita, jina hilihili: "Nisaini vipi hati ya shamba la shangazi mwenye kichaa?" Leo shangazi kawa mama, kichaa kimekuwa baridi yabisi. Mnampa mtu pole anatunga.

GotiBovu: Duh. Rudisheni pole yangu.

MtotoWaMgombani: Sijatunga. Niliandika shangazi kwa kuwa ndugu zangu wamo humu. Mnunuzi wa kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kanipa milioni tatu, nyingine mwisho wa mwezi. Daktari akiandika kwamba mama hana uwezo wa kuamua, mimi kama mkubwa nasaini. Hela ni ya matibabu yake, si ya baa. Na mwanzoni alikubali! Sasa kila asubuhi anasema hakukubali.

MekuWaUru: Kihamba? Babu zako wamelala pale. Chukua isale, jani letu la kuombea radhi, ukamwombe mama yako msamaha.

MtotoWaMgombani: Meku, isale hailipi hospitali.

SistaMstaafu: Kumbe maharage anasahau, kihamba anakumbuka kila asubuhi. Uko wapi saa hii?

MtotoWaMgombani: Ndani ya bajaji, mama kaniegemea.

*(siku mbili baadaye)*

MtotoWaMgombani: Mrejesho. Presha ilikuwa chini sana. Wamemwekea dripu na sindano, dawa karudishiwa, watakuwa wanaipunguza wenyewe kidogo kidogo, na tumepewa rufaa ya daktari wa viungo. Kuna dada mmoja alikaa naye zaidi ya nusu saa wakiongea, mimi nikaambiwa nisubiri nje. Jana kala mtori. Akaniuliza nani anapalilia kahawa. Sikumjibu.

ChaiYaRangi: Mkuu, naondoa neno langu. La chai, si la kihamba.

DalaliHimo: Poleni na kuuguza. Mleta uzi, hicho kihamba kiko mbali na lami?