Kanyooshea panya kidole, kisha mwanangu

Wakuu, nina hasira hata kuandika vidole vinagoma. Yule bwana anayetafiti usonji kwa kutumia panya mnamjua, sina haja ya kumtaja. Palipo na kipaza sauti yupo, na likitajwa neno usonji tu panya wake keshatoka mfukoni.

Leo kaonyesha video, panya anafukia gololi kwenye maranda. Mwanangu, mwenye usonji, kakaa pembeni yangu, kapanga vifuniko vya chupa kwa rangi, hana habari na mtu. Bwana yule akanyoosha kidole kwenye skrini, akakihamisha taratibu hadi kwa mwanangu: "Mnaona? Kitu kile kile."

KITU KILE KILE! Na ukumbi ukacheka!

Panya kuchimba ndiyo kazi yake. Mpe gololi panya asiye na tatizo lolote, naye atafukia. Mwanangu hafukii kitu, anapanga, na ole wako uguse kifuniko cha bluu.

Halafu lile sanduku la vyumba vitatu. Panya akikaa chumba kisicho na mwenzake, basi "hapendi kujumuika". Kwa kipimo hicho mimi kwenye vikao vya harusi ni mahututi.

Sisemi panya hawana faida. Wale wa 2011 walioharibiwa jeni ya Shank3 walijisafisha manyoya hadi wakajitia vidonda, na hitilafu ya jeni hiyo ipo kweli kwa watu wachache wenye usonji. Wachache! Mwanangu nani kampima? Kidole kile, mbele za watu, kitu kile kile!!

Mchokozi Mstaafu: Pole mkuu. Ila umeenda kwenye mada ya panya, ulitegemea umkute twiga?

Kifuniko cha Bluu: Nimebadilisha jina kwa heshima ya mtoto. Asiniguse mtu.

Dozi Kamili: Dawa ya mavoglurant iliwanyoosha panya waliotolewa jeni ya Fmr1 (hitilafu yake kwa watu huleta fragile X, hali inayoambatana mara nyingi na usonji), ilipofika kwa watu ikagoma, 2014 wakaachana nayo. Dawa ya bumetanide, ya usonji, nayo ikaangukia pua 2021. Panya wote wamepona, bado sisi.

Mzee wa Maranda: Nyie mnalalamika, mimi ndiye nabadilisha hayo maranda. Kuna aina inaitwa BTBR, hawataki kabisa kukaa na wenzao, ila kidole changu wanakipenda sana. Nang'atwa na mshahara uko palepale.

Sina Macho Yako: Afadhali yenu. Mimi ni mtu mzima na nina usonji. Wanarekodi milio ya vitoto vya panya ambayo sikio la binadamu halisikii, wanaita utafiti wa mawasiliano. Mimi naongea kwa sauti, hakuna anayeniuliza.

Mchokozi Mstaafu: Lia kama kitoto cha panya, watakuja na mashine.

Mama Wawili: Mna bahati mna panya. Mimi nina shemeji anayedai usonji unaletwa na chanjo. Hana hata gololi moja ya ushahidi, na hanyamazi.

Dozi Kamili: Shemeji yako na mama mkwe wangu walizaliwa tumbo moja. Kwake yeye ni simu.

Mama Wawili: Wangu kahamia kwenye simu wiki hii! Chanjo NA simu!

Mzee wa Maranda: Turudi kwenye mshahara.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa tunamzungumzia mwanangu.

Mama Wawili: Mkuu anzisha uzi wako, hapa ni mashemeji.