Dibaga (zana ya kusaka hitilafu za programu) inachukua dakika nne kuanza, naomba ushauri

Wakuu, niko Ntinda, Kampala, na programu yangu ya C++ iko kwenye seva huko Frankfurt. Kuhariri hakuna shida, hata umeme ukikatika nikahamia data ya simu. Kinachonitesa ni dibaga. Nikiunganisha GDB (ndiyo dibaga yenyewe) ya laptopu na gdbserver, mwenzake anayekaa kwenye seva ya kule, nasubiri dakika nne nzima, chai inapoa. Inavuta maktaba (faili za msimbo ambazo programu inazitegemea) kutoka kwenye seva moja baada ya nyingine, nazo zinakaribia 60! Bando nalo linayeyuka.

Nimewaza kunakili maktaba zote hapa kisha nielekeze sysroot (mpangilio unaoiambia GDB itafute maktaba wapi) kwenye nakala hizo, ila seva inasasishwa kila wiki, naogopa zitapishana na za kule. Au niendeshe GDB kulekule kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali)? Aliyepitia haya anielekeze.